Maiti wa Jumatatu ya Pasaka

Kila Jumapili kule Katana padri alihubiri kwamba kisasi ni cha Bwana, na kila Jumapili Bisimwa aliitikia amina. Hakuwa na ugomvi na Bwana. Aliona tu kwamba Bwana ana kazi nyingi, na kwamba jambo dogo kama la Anaclet lingeweza kungoja zamu yake mpaka kiama. Basi akaamua kumsaidia.

Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1957 alipanda lori la kabichi kabla jua halijatoka. Mfukoni alikuwa na karatasi ya ruhusa: siku moja Bukavu, arudi kabla ya magharibi. Kiunoni alikuwa na bastola aliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mwavokado.

Mtaa wa Kadutu aliukuta umegeuka. Wapenzi wa sinema walikuwa na siku moja tu kwa mwaka ya kuwa wao wenyewe yale waliyoyatazama ukutani, na hawakuifanyia ubahili. Makarani, vijana wa garage, mafundi seremala, wote walikuwa makauboi: kofia za ukindu zilizopigwa wanga mpaka zikakakamaa, mikanda ya mpira wa gurudumu, nyota za kifuani zilizokatwa kwenye makopo ya sardini. Baiskeli zilikuwa farasi. Moja ilifungwa mkia wa ng'ombe wa kweli, na nzi walikuwa wameuamini.

Rafiki zake wawili walimngoja uwanjani. Camille, fundi baiskeli, alisoma naye darasa moja. Colombe, fundi cherehani, ndiye aliyeshona nusu ya vizibao vya siku ile, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

"Umekonda," Colombe akamwambia. "Kule Katana banakulisha nini, maombi?"

Walitembea, wakala karanga, wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, ya mtungi mmoja. Wakaona mbio za farasi wa magurudumu, na mshindi akapitiliza hadi mtaroni. Bisimwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajikasirikia kwa kucheka. Hakuja kucheka.

Karibu na lango la uwanja, mbali na wauzaji wengine, mama yake Bisimwa, Agnès, alikaa na beseni lake la mikate. Alimwona mwanawe, akamwinulia mkono, akaendelea kufukuza nzi.

Mwaka uliopita Bisimwa ndiye aliyeendesha mashine ya sinema katika ukumbi wa parokia. Jumamosi mchana padri wa parokia, Père Ignace, aliitazama filme kwanza, yeye na Bisimwa peke yao, kengele ndogo mkononi. Midomo ya mwanamume na mwanamke ikikaribiana, kengele ililia, na Bisimwa alitia kipande cha karatasi pale pa kukatwa. Jumapili Kadutu nzima ilitazama kilichobaki. Jumapili moja rola ya mwisho, ule mkanda wenye mwisho wa filme ya farasi mweupe, haikuonekana. Watu walibaki gizani hawajui nani amekufa, na wengine walitaka kuvunja viti.

Bisimwa alijua nani ameichukua. Jumamosi ile jioni alikuwa amemfungulia Anaclet chumba cha mashine, aitazame tu, aiguse. Anaclet, ambaye tangu utotoni walikula sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Anaclet alishika msalaba mbele ya Père Ignace, akaapa hajakanyaga chumba kile wala hajaona hata picha moja ya mwisho wa filme ile. Bisimwa alilala gerezani siku kumi na tano, akanyang'anywa karatasi za kukaa mjini, akarudishwa Katana kwa babu yake.

Mama alibaki mtaani Cimpunda na mikate yake. Pale fontaine, bomba la maji la mtaa, kila alipofika na ndoo yake, wanawake walivuta ndoo zao karibu na miguu yao, kama vile wizi unaambukiza. Hilo ndilo lililomkaa Bisimwa kooni. Gereza lilikwisha. Zile ndoo hazikwisha.

Hakutaka kumpiga Anaclet. Kumpiga ni kumpa huruma ya watu. Alitaka aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya Kadutu yote. Mwaka mzima wa kulima viazi alilifikiria jambo hilo mpaka akaona njia yake, na njia ilipita katika sheria za chama cha wapenzi wa sinema.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: aliyepigwa risasi ni maiti. Hasemi, hafumbui macho, haamki kabla aliyemuua hajamwamuru. Ya pili: aliyeua humzika maiti wake pale pale, mbele ya wote, kama alivyoona kwenye sinema. Kutunga hakuruhusiwi. Anayetunga huvuliwa kofia, na hiyo ni aibu kuliko kushindwa, kwa sababu mpenzi wa kweli hatungi, anakumbuka.

Anaclet sasa alikuwa chef, mkuu wa chama. Alikuwa na kofia ya ngozi, ya pekee uwanjani, na miaka mitatu hakuna aliyewahi kumtangulia kutoa bastola. Colombe alimfuata pale alipokuwa akijipaka vumbi kwenye viatu ili aonekane ametoka mbali.

"Chef, leo tena utazika mutu na ishara ya musalaba?"

"Iko mubaya?"

"Hapana mubaya. Ila batu bamechoka. Kila mwaka ile ile. Banasema hata batoto ba Cimpunda banazika muzuri kukupita."

Alimwacha hapo. Aliangalia nyuma mara moja, akaona neno limeingia na linafanya kazi yake.

Camille alikuwa amekwisha kumwandikisha Bisimwa kwenye shindano la bastola. Anaclet alipomwona akiingia katikati ya uwanja, alicheka jino pembe.

"Bisimwa! Weye ungali hai?"

"Kidogo tu."

"Leo nitamaliza."

Watu wakacheka. Kwenye kiti chenye kivuli Père Ignace hakucheka. Alitazama viatu vyake. Adalbert, yule mfasiri aliyewaeleza watu sinema kila Jumapili kwa kipaza sauti cha bati, aliinua kitambaa.

Kilipoanguka, mkono wa Bisimwa ulikuwa wa kwanza. Aliusikia kwenye bastola wakati ule wa Anaclet bado uko njiani. Angeweza kumuua. Mwaka mzima alikuwa amejizoeza na gunzi la mahindi nyuma ya nyumba ya babu, na sasa mkono ulidai haki yake. Aliubana. Ilimuuma kuliko gereza.

"Paaa!" Anaclet akapiga kelele, na Bisimwa akaanguka chali.

Uwanja ukangoja maziko. Bisimwa, macho yamefumbwa, alisikia viatu vyake vikivuliwa, kimoja, kisha kingine. Kichwa chake kiliinuliwa taratibu, viatu vikawekwa chini yake. Kofia ya ngozi ilimfunika uso, ikinuka mafuta ya nywele. Hapo moyo wake ulianza kudunda hata akaogopa watu wataona. Kisha alisikia mwili ukilala kando yake, kifudifudi, sikio likibanwa ardhini kama la mtu anayesikiliza kama chini kuna anayeita.

Ni hivyo hivyo. Hata uso uligeuzwa upande wake; pumzi ilimfikia shingoni.

Watu wakalipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Jambo la namna ile halijawahi kuonekana Kadutu. Ndipo sauti ya Camille ikapanda juu ya zote.

"Ametunga!"

Kelele zikapungua.

"Ametunga! Mimi naona sinema zote tangu mwanzo. Hakuna kauboi alilala hivi! Adalbert, weye unafasiri zote. Ulishaona?"

"Sijaona," Adalbert akasema polepole. Hakujua lolote, alikuwa mtu wa sheria tu.

"Kofia! Avuliwe kofia!" wakaanza wengine, na baada ya muda ulikuwa uwanja mzima. "Muongo! Ametunga!"

Mtu mwenye busara angekubali, akapoteza kofia, akaenda zake nyumbani. Lakini Anaclet alikuwa mpenzi wa sinema kweli kweli, hilo hata adui yake hakumnyima. Mwite mwizi, atavumilia. Mwite mtungaji, hapana.

"Sikutunga!" akafoka, akisimama. "Niliona na macho yangu! Ndio mwisho wa filme ya farasi mweupe!"

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ilikwisha pale. Chini ya kofia Bisimwa alisikia kimya kikienea kutoka mbele kwenda nyuma. Alisikia kiti kikisogea.

"Anaclet," Père Ignace akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Ile mwisho tuliona watu wawili. Mimi, na huyu analala hapo. Weye uliapa haukuona."

"Ni Bisimwa… Bisimwa alinielezea, mon Père."

"Umesema na macho yako," Colombe akamkumbusha.

"Bisimwa!" Anaclet akamwinamia. "Bisimwa, ndugu yangu, sema! Ambia batu ulinielezea!"

Maiti hasemi. Bisimwa hakuwahi kuipenda sheria ya kwanza kama siku hiyo.

Yakatoka yote, kwa vipande. Kwamba alitaka kuona tu. Kwamba alizitazama zile picha ndogo juani Jumapili asubuhi, akaziona zote, kisha mvua ikamkuta njiani na filme ikaharibika. Kwamba aliizika kwenye shamba la migomba. Kwamba aliogopa.

"Ni mimi nilibeba. Bisimwa hakuiba." Alilia sasa. "Basi amuka. Bisimwa, amuka."

Bisimwa hakuamka. Sheria ilisema maiti haamki kabla ya kuamriwa. Haikusema ni lazima aamke akiamriwa. Alilala pale, utamu ukimshuka mwilini mpaka vidole vya miguu. Wanaosema kisasi hakina ladha ni watu waliokula kwa haraka.

"Hataki," mtu akanong'ona.

"Hajasikia," Colombe akasema. "Na mama yake hajasikia. Iko kule kwa lango."

Bisimwa alihesabu hatua za Anaclet zikivuka uwanja, watu wakimpisha. Maneno yenyewe hakuyasikia, yalikuwa ya chini. Jibu la mama ndilo lililofika, kwa maana mama alikuwa na sauti ya kuuzia mikate.

"Mimi nilijua tangu zamani. Unaniambia mimi ya nini? Ambia bale!"

Akamwonyesha wanawake wa fontaine, waliokuwa wamekaa pamoja kwenye majani na watoto wao. Anaclet akawageukia. Safari hii alipaza sauti, na hata lile lori la kabichi barabarani lazima lilisikia.

Hapo tu Bisimwa akainuka. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba bila haraka. Père Ignace alimjia na maneno ya kuandika barua kwa wakubwa, ya karatasi zake, ya kusameheana. Bisimwa alisema ndiyo kwa barua. Kwa lile lingine alisema muda wa lori umefika. Kofia ya ngozi aliondoka nayo kichwani, na hakuna aliyeidai.

Wiki iliyofuata Colombe alipanda mpaka Katana kumpelekea habari. Asubuhi ya Jumanne, akasema, mama Agnès alishuka fontaine na ndoo yake. Wanawake walimwamkia, wakampisha apite mbele ya wote. Akateka maji, akajaza. Kisha, kabla ya kujitwisha, aliivuta ndoo yake karibu na miguu yake.