Kasiksi ya Matufaha

Jean-Baptiste wa Buffalo alituma neno moja tu: kwa bia ya dukani yeye hafungui kinywa. Anayemtaka binti yake Précieuse alete kasiksi iliyopikwa kwa mikono, kama kwao Bushi, kule Kongo, la sivyo akae kwake.

Nsimire, mama yake mchumba, alilipata neno hilo huko Columbus, mji mwingine wa Marekani, na likampandisha hasira. Kasiksi ni pombe ya ndizi, na ndizi za maduka ya Morse Road alizijaribu mara mbili zikamtolea uji. Tena yeye ni shemasi aliyeokoka, miaka kumi na moja pombe haijagusa ulimi wake. Lakini mtoto ni mtoto. Gloire, mwanawe, alikuwa amekonda kwa mapenzi hata suruali ya kazini haikushika kiunoni.

Kando ya reli palikuwa na mitufaha mitatu isiyo na mwenyewe, matunda yake madogo, machachu, yakiliwa na nyigu. Nsimire akajaza magunia. Akayaponda katika beseni, akayakamua kwa kitenge kikuukuu, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa mablanketi.

“Kupika si kunywa,” alimweleza Mungu waziwazi.

Siku ya nne povu likapanda, na harufu ikamtoa machozi. Ilikuwa harufu ya ua wa mama yake.

Jumamosi asubuhi wakashika njia, Gloire akiendesha, pamoja na Cubaka, kaka yake Nsimire, aliyetoka Louisville kuwa msemaji wao. Pombe ilikuwa katika mabidoni mawili, madumu ya plastiki, na Nsimire alikuwa amekaza vifuniko kama vya mafuta ya mawese. Karibu na Cleveland bidoni moja likavimba tumbo.

“Fungua!” Nsimire alipiga kelele.

Cubaka akafungua. Pombe ikapiga paa la gari, ikashuka kwenye suti yake. Lile bidoni lililobaki Nsimire alilipakata mpaka Buffalo, akilegeza kifuniko kila mara lipumue.

Sebuleni watu walijaa. Kikombe kikajazwa. Jean-Baptiste hakukipokea.

“Bon. Mwenye alipika aonje kwanza. Njo desturi.”

Kwa hasira zake zote, hilo Nsimire alikuwa amelisahau. Gloire akatazama viatu vyake. Alijua mama yake anaombwa nini. Nsimire akangoja sauti kutoka mbinguni, haikuja. Akakiinua kikombe akakimaliza. Ilikuwa tamu, akaona aibu jinsi ilivyokuwa tamu.

Ndipo Jean-Baptiste akanywa.

“Hii haiko ya ndizi.”

“Iko ya pome, papa, matufaha ya kando ya reli,” Nsimire akajibu.

“Pome!” Akanywa tena, akafuta jicho bila kujificha. “Tangu nitoke mu kambi ya wakimbizi, hakuna mutu alishanipikia.” Kisha akamgeukia Cubaka. “Donc, munatafuta nini humu kwangu?”

Hapo msemaji peke yake ndiye hujibu, tena kwa kuzunguka sana. Cubaka akasafisha koo. Nsimire akamtangulia.

“Tunatafuta binti yako. Na usituzungushe, papa, mimi nimekunywa.”

Nyumba ikalipuka kwa kicheko, Jean-Baptiste akicheka mpaka kikombe kikamwagika. Kabla hajapata pumzi ya kujibu, nyuma ya mlango wa jikoni Précieuse alikuwa ameshapiga kigelegele.