Mfuniko wa Dereva

Ilisikika kwanza kama ukucha unaogonga bati la biskuti: ko, ko, ko, kimya, kisha ko. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Aliweka kisu chini, akafunua sufuria, akaifunika tena. Sufuria haikuwa na hatia. Akapaza sauti kuelekea chumba cha mbele.

"Kibiriti! Acha kugonga, kichwa kinaniuma."

"Sigongi mimi," mwanawe alijibu. "Ni hiki kifaru."

"Basi kiambie kiache."

Jina la Kibiriti alipewa na baba yake wa kambo, kwa kuwa alikuwa mdogo, mwembamba na mwepesi wa kuwaka. Lilikusudiwa kumdhihaki, likamkaa. Sasa alikuwa kijana wa kunyoa ndevu, na kazi yake ilikuwa kujenga vifaru vidogo vinavyoenea kiganjani, kila kipimo cha kifaru cha kweli kikigawanywa kwa sabini na mbili. Wengi wa kazi hii hununua vipande vya kiwandani, wakaunganisha gamba la nje, wakaacha ndani patupu na kugundisha mifuniko yote isifunguke kamwe, maana nani atachungulia? Kibiriti aliwadharau watu wa namna hiyo na aliwaambia usoni. Yeye alijenga ndani, tena kwa takataka. Sakafu alikata kwenye vikopo vya maziwa ya mgando. Nyaya alizipata kwa kupasha plastiki juu ya mshumaa na kuivuta mpaka ikawa nyembamba kama unywele. Vitufe vilikuwa vichwa vya pini, na makombora ya mzinga yalichongwa kwa wembe kwenye njiti za meno.

Kifaru kilichokuwa mezani kilikuwa agizo la Kamanda. Huyo ndiye baba wa kambo. Hata mkewe alimwita hivyo. Kikosi chake cha zamani kilikuwa kinafungua ukumbi wa kumbukumbu, na katikati ya ukumbi, ndani ya sanduku la kioo, kingewekwa mfano wa kifaru alichokiongoza vitani siku ile. Ubavu mmoja ungekuwa wa plastiki angavu ili watu waone ndani.

"Kila kitu kiwe kama kilivyokuwa," Kamanda aliamuru. "Usinipunguzie hata skrubu."

Siku ile kifaru kilipigwa kikashika moto. Watatu walitokea juu wakapona. Wa nne, dereva, hakutoka. Kamanda alieleza, na tangu hapo ameeleza kila anapopewa kiti na wasikilizaji, kwamba dereva alishikwa na woga akajifungia mfuniko wake kwa ndani, asitake kutoka. Dereva huyo ndiye aliyekuwa baba yake Kibiriti. Kamanda alimwoa mjane, akamlea mtoto, na akikasirika alimwita mtoto mbegu ya mwoga, wakati wa kula, mbele ya wageni. Ndiyo sababu Kibiriti alilikubali agizo. Alitaka kuingia mle ndani, mle mle, aone kwa macho yake kama baba yake alikuwa mwoga.

Kiti cha dereva ndicho alichokuwa amekimaliza asubuhi hiyo. Alikikata kwenye mkanda wa zamani wa baba yake, kitu pekee ambacho mama alikuwa amekificha miaka yote. Mafundi wa kazi hii wanajua kwamba kiti kikikatwa vibaya hubaki kitupu, na kikikatwa sawasawa, mwenye kiti huja. Ndiyo maana wengi wao hupendelea kukikata vibaya.

Kibiriti aliingiza ncha ya sindano chini ya mfuniko wa mbele, akauinua, akausogeza pembeni. Baba yake alikuwa amekaa kitini, kimo chake hakizidi kifundo cha kidole gumba, ovaroli imelowa jasho, masizi shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kiti kiko juu mno. Magoti yananigusa vishikio."

"Nitakishusha."

"Kishushe sasa. Nimekaa vibaya tangu asubuhi."

Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Alivaa miwani, akainama juu ya meza.

"Umekonda," alisema.

"Wewe umenenepa."

"Viazi."

"Nimesikia umeolewa."

"Ulikuwa umekufa."

"Sijakataa."

Mama alimletea chai kwenye ncha ya kijiti na chembe ya mkate. Mume wake wa kwanza alikunywa, akasema sukari imezidi. Mama akamwambia kwamba hata kufa hakujampunguzia mdomo. Kisha akafungua madirisha, kwa sababu nyumba ilikuwa imeanza kunuka dizeli na rangi iliyoungua, na Kamanda hakupenda harufu wakati wa chakula.

Kilichobaki kilikuwa kichwa cha kifaru, ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mtutu. Kamanda alikuwa ameacha picha iliyopigwa siku ile baada ya moto kuzimika: gamba jeusi, minyororo imelegea, mtutu umeelekea kushoto. Alitaka mtutu ukae hivyo hivyo. Kibiriti alikiweka kichwa mahali pake, akakizungusha polepole kushoto mpaka kikalingana na picha.

Ko, ko, ko.

Aliingiza sindano chini ya mfuniko wa dereva. Mfuniko uliinuka unene wa karatasi, ukagota kwenye shina la mtutu. Alijaribu tena, ukagota tena. Alipima mtutu, akapima mfuniko, akapima bawaba. Hapakuwa na kosa. Akarudisha kichwa mpaka mtutu ukatazama mbele. Mfuniko ukafunguka na baba yake akatoa kichwa nje, akahema. Akauzungusha mtutu kushoto, mfuniko ukakataa. Akarudisha mbele, ukakubali.

"Acha kunizungushia dunia," baba yake alisema. "Utanitapisha."

"Baba, hukujifungia."

"Nani amesema nilijifungia?"

Mama aliangalia ganda la kiazi lililokuwa limemnata kidoleni.

"Kuna kanuni," dereva alisema. "Mtutu mbele, ndipo utoke. Ukishuka ukauacha umelala upande wangu, umeniwekea jiwe juu ya kaburi. Na nyuma yangu siku ile palikuwa moto mtupu. Umeme ukikatika, kuna gurudumu la mkono la kuzungushia kichwa, kulia kwa kiti cha kamanda. Umelijenga?"

"Nimelijenga. Kwa kifungo cha shati."

"Basi hilo. Linazunguka kama jiwe la kusagia. Hata moto ukiwaka, linazunguka."

"Nani alilizungusha?"

Dereva alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na hakupenda kumsingizia mtu.

"Nilisikia buti zikipanda," alisema. "Gurudumu sikulisikia."

Kanuni hiyo ndiyo aliyoifundisha Kamanda kwa makuruta mpaka alipostaafu. Waliopitia mikononi mwake husema hakuna mkufunzi aliyeifundisha kwa ukali kama yeye. Aliyesahau mtutu alitambaa kwenye kokoto mpaka magoti yakachubuka.

Kamanda alirudi wakati wa chakula. Alisimama mlangoni, akanusa, akaja mpaka mezani.

"Kumbe ni wewe unayeninukishia nyumba."

Dereva alisimama juu ya kiti, akapiga saluti.

"Afande."

"Hujazeeka."

"Hapana, afande."

"Mimi nimezeeka. Mgongo haunipi raha."

"Pole, afande."

Kibiriti alikuwa amesimama pia. "Mtutu ukikaa kushoto, mfuniko wa dereva hauinuki."

"Najua," Kamanda alisema.

Kisu cha mama kilisimama jikoni, kisha kikaendelea.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu niliporuka chini na kugeuka. Ningepanda tena kuzungusha, tungekufa wawili. Sikupanda, akafa mmoja. Hesabu hiyo si ngumu, hata kwako."

"Basi ukaseme hivyo ukumbini."

"Niseme nini? Kwamba nilimsahau? Watu hawamjengei ukumbi mtu aliyesahau."

"Badala yake ukamwita mwoga. Ukaniita mimi mbegu ya mwoga."

"Maiti hana soni. Mimi nilikuwa na maisha ya kuishi." Kamanda aliketi, akavuta sahani yake. "Na wewe umeyala maisha hayo kwa vijiko viwili viwili, sijakusikia ukitema."

Mama alitoka na sufuria. "Ukuni ulio uchagani huucheka ulio motoni," alisema, kana kwamba anaizungumzia sufuria.

"Na wewe uko uchaga uleule," Kamanda alimwambia. "Pakua."

Mama akapakua.

Walipomaliza kula, Kamanda alisukuma sahani. "Gundisha kichwa. Mtutu kushoto, kama picha inavyosema."

"Sigundishi."

"Nyumba hii ya nani?"

"Yako. Mikono ni yangu."

"Haya, kaa nayo." Kamanda alichukua kichupa cha gundi mwenyewe, akakifungua kwa meno. Aliinama juu ya kifaru, na sauti yake ikawa ile ya zamani, isiyopanda wala kushuka. "Dereva. Kaa kitini. Funga mfuniko."

"Baba, usifunge!" Kibiriti aliweka kiganja wazi kando ya kifaru. "Toka. Ruka, nitakudaka."

Dereva alikitazama kiganja cha mwanawe, kilichokuwa kipana kama ua wa nyumba. Akamtazama Kamanda. Mtu aliyekaa jeshini muda mrefu, amri humwingia miguuni kabla haijafika masikioni. Alimtazama mwanawe mara nyingine, kama anayetaka kumweleza jambo refu kukiwa hakuna nafasi.

"Ndiyo, afande," alisema. Akaketi kitini, akauvuta mfuniko juu ya kichwa chake, na komeo likalia tiki.

Kamanda alizungusha kichwa kushoto na kudondosha gundi kuzunguka shingo yote. Gundi ile hukauka kabla mtu hajamaliza kutukana. Kibiriti alitukana, ikakauka.

"Umeona?" Kamanda alisema, akifuta vidole kwa kitambaa cha meza. "Amejifungia mwenyewe."

Ukumbi ulifunguliwa kwa matarumbeta. Kifaru kiliwekwa katikati, ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa. Kibao cha shaba kilieleza ushujaa wa kamanda aliyewaokoa wenzake, na mwishoni, kwa herufi ndogo, udhaifu wa dereva aliyejifungia. Watu walipanga foleni kuangalia ndani. Walisifu nyaya, walisifu makombora, walisifu gurudumu dogo la mkono, na wengi walimsifu dereva kwa jinsi alivyofanana na mtu. Alikuwa akigonga.

"Kuna kitu kinagonga," alisema mke wa mkuu wa kikosi.

"Ni dereva," Kamanda alimwambia. "Amejifungia."

"Maskini. Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Mwanamke huyo alitikisa kichwa, akaenda kuchukua soda. Hotuba zilipoanza, wakubwa wa meza kuu walilalamika kwamba mlio unaingia kwenye kipaza sauti, basi mlinzi akaleta blanketi, akalifunika sanduku mpaka hotuba ziishe. Mama yake Kibiriti alisimama kando ya mumewe katika picha zote. Alivaa gauni jipya na alicheka pale mpiga picha alipomwambia acheke. Alipopita karibu na sanduku aliingiza mkono chini ya blanketi, akaacha juu ya kioo chembe ya mkate, akaendelea na safari yake.

Kamanda alikuwa amepewa kiti cha mbele, chenye mikono na mto mwekundu. Hapo ndipo Kibiriti alipomfuata, na futi ya fundi cherehani mkononi. Alipiga goti. Alipima kutoka gotini hadi sakafuni, akapima kutoka kiunoni hadi begani, akapima upana wa mgongo. Hakuandika. Kamanda alinyoosha mgongo wake mbovu, kwa sababu alipenda kupimwa na watu walikuwa wanaangalia.

"Hatimaye umepata adabu," alisema bila kufungua meno. "Unanishonea suti?"

"Geuka kidogo. Naomba na mkanda wa saa yako. Huu wa ngozi."

"Mkanda wa nini?"

"Nahitaji ngozi uliyoivaa mwenyewe."

Mpiga picha alikuwa anakaribia. Kamanda alicheka, akaivua saa, akauchomoa mkanda na kumpa kijana kiganjani mbele ya kamera, na taa ikamulika. Picha hiyo baadaye ilitundikwa ukutani: baba na mwana. Kibiriti aliukunja mkanda, akautia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Chini ya blanketi ilisikika ko, ko, ko. Aliinamisha mdomo mpaka karibu na sikio la mzee.

"Nakuahidi, baba," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Siku utakayokufa nitakujengea chako. Kiti kitakutosha barabara. Kila kitu kitakuwemo, sitapunguza hata skrubu, na gurudumu la mkono nitakuwekea, ulizungushe utakavyo. Tundu la kutokea tu. Hilo sitalitoboa."