Ngata Juu ya Tangi la Pikipiki

Kabla hakujapambazuka, mpira ulisikika sebuleni ukivutwa na kuachiwa. Tap. Tap. Bibi Wegesa alijua ni mjukuu wake Nelson, anafunga tena kamera kwenye pikipiki, ambayo hulala ndani kwa sababu ya wezi. Alitumia vipande vya tyubu ya baiskeli, na chini ya kamera aliweka kipande cha godoro. Alifanya polepole ili asimwamshe mkewe Frida, ambaye mimba yake ilikuwa imefika mahali pa kulala kwa ubavu tu. Bibi aliliona hilo, akafurahi moyoni.

Nelson alikuwa anarekodi barabara ya kutoka kijijini kwao, huko nyuma ya bwawa la Manchira, hadi Mugumu kwenye hospitali. Wakubwa wa barabara walikuwa wameahidi greda kabla ya mvua, mradi waletewe ushahidi kwamba barabara ni mbovu. Alitaka wayaone mashimo, yazibwe, Frida apite salama siku yake ikifika, katikati ya mvua. Lakini barabara ilikuwa mbovu kiasi kwamba haikurekodika. Kila video ilitikisika mpaka ikawa kama unaangalia ugali ukisongwa.

"Bibi, haitulii."

"Mimi nimebeba maji kutoka mtoni tangu nimeolewa, na ndoo haikumwagika," Bibi alisema. "Chukua ngata yangu, mura. Iweke chini yake."

Ngata hiyo ilikuwa duara la nyasi na matambaa, imelala vizuri kwa kukaa miaka yote hiyo kati ya kichwa cha Bibi na ndoo. Nelson aliifunga juu ya tangi la mafuta, akaweka kamera juu yake, akaondoka.

Mtandao ni mzuri Mugumu kuliko kijijini, kwa hiyo alipofika huko aliituma video kwa wakubwa kabla ya kuiangalia. Aliiangalia aliporudi nyumbani. Ilikuwa imetulia kabisa. Ilionyesha barabara ya lami yenye mstari mweupe katikati. Kwenye kijito, ambako maji yaliwahi kumchukua ndama wa jirani yao Gidion, kulikuwa na daraja lenye vyuma pembeni. Nelson aliangalia matope yaliyomfika magotini, kisha akaiangalia tena video.

"Lakini Bibi, pale kijitoni nimesukuma pikipiki."

"Umesukuma wewe. Ngata haikusukuma," Bibi alisema, akimmiminia chai. "Haijawahi kutikisika. Mashimo itayajulia wapi?"

Wakubwa walijibu siku hiyohiyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walimshukuru kwa uzalendo, na greda likaamriwa kwenda kwingine. Nelson alipiga simu kueleza kwamba lami hiyo haipo. Aliambiwa asiichafue kazi yake nzuri.

Jumamosi mmoja wao, bwana Vedasto, alikuja kuiona lami kwa macho yake. Gari lake lilizama kijitoni, na Nelson akaenda kumchukua kwa pikipiki. Bibi alikuwa amesikia kwamba mgeni anasumbuliwa na mgongo. Akamwonea huruma, akatoa ngata aikalie.

Bwana Vedasto alifika viatu vinang'aa. Nelson, aliyekaa mbele yake njia nzima, alikuwa na matope hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na njia."

"Pole ya nini, mama? Tumeteleza kama tuko angani. Daraja zuri sana lile."

"Sasa bosi, gari lako limezama kwenye nini?" Nelson aliuliza.

"Dereva mzembe. Mtu mzima anazama kwenye lami!"

Frida alicheka mpaka akashika kiuno. "Na mimi baba, nikizama kwenye lami na tumbo hili?"

"Huzami, binti yangu. Barabara kama hii unapita na trei ya mayai."

Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa uji akamaliza, na Frida alipoinamia ndoo, yeye ndiye aliyeinyanyua. Bibi aliliona hilo pia. Wakati wa kuondoka mgeni akaomba apewe ngata, ili akakagulie barabara nyingine.

"Hiyo Frida ataikalia siku yake," Nelson alisema.

"Frida ana lami," bwana Vedasto alisema kwa upole, akaikumbatia.

Mgeni akiomba kitu nyumbani kwa Bibi Wegesa hapewi maneno, anapewa kitu. Bibi alikata nyasi hapohapo, akaanza kusokota ngata nyingine huku akiwasindikiza hadi kijitoni. Ngata mpya haijui kitu. Inataka kichwa na miaka, na tumbo la Frida halikuwa na miaka.

Gidion alifunga jozi ya maksai mbele ya gari. Walivuta, wakapiga magoti, wakavuta tena. Nelson na dereva walisukuma kwa nyuma. Bwana Vedasto alikuwa ndani juu ya ngata, akisoma simu, na chai yake kwenye kifuniko cha chupa haikumwagika.

Gari lilipotoka, wingu lilikuwa limeshakaa upande wa Mugumu. Bibi aliinama dirishani na nyasi zake mkononi.

"Ututembelee tena, mwanangu," alisema. "Uje mvua zikianza, na ngata uje nayo. Frida atakuwa hapahapa kijitoni, anakusubiri."