Cherehani Isisimame

Ndege ya mdogo wangu iliondoka saa moja asubuhi, na saa moja hiyohiyo Mama akaweka mguu kwenye kanyagio la cherehani. Akasema hauondoi mpaka mtoto atue.

"Nikisimama mimi, nani atamshikilia huko juu?"

Nikamwambia ndege ina injini zake. Akanitazama kama mteja anayeomba kupunguziwa bei mara ya tatu. Mama ni fundi mapazia, na akishaamua jambo lake hata umpigie ngoma sikioni hageuki.

Jana yake tulihesabu kwa vidole: anaondoka saa moja, tiketi inasema anafika saa saba mchana, basi safari ni ya saa sita. Saa sita magoti ya Mama yangevumilia, ingawa yamevimba.

Pazia jeupe lilitiririka kutoka mezani, likajaa sakafu nzima. Mama alisema nalo taratibu. Sasa yuko juu ya bahari. Sasa ameletewa chai, anaona haya kuomba sukari. Kila nilipofumba macho nilimwona mdogo wangu dirishani, mawingu yametandazwa chini yake. Nilikuwa nimemnunia. Ameniachia Mama, ameniachia nyumba, kaenda zake.

Saa saba ikafika, simu kimya. Ikapita nusu saa nzima, kimya. Mama akakanyaga kwa nguvu zaidi. Nikampigia wakala aliyetukatia tiketi.

"Hiyo saa saba ni ya huko, dada," akasema, anacheka. "Wenzetu wako nyuma kwa saa tano. Kwetu hapa atatua saa kumi na mbili jioni."

Nikamweleza Mama. Hakumlaumu mtu.

"Kumbe ni mbali hivyo," akasema, akaendelea kukanyaga, machozi yanadondokea pazia.

Alasiri usingizi ukambeba, shavu juu ya kitambaa. Gurudumu likazunguka kidogo, likaanza kulegea. Chumba kikawa kimya vibaya. Na mimi, mdomo wangu wote ule, nikavuta kigoda, nikausogeza mguu wake polepole, nikaweka wangu.

Nikakanyaga. Kitambaa kikapita, kikapita, kama naota. Nikamwambia mdogo wangu kimoyomoyo: fika salama, mjinga wewe, ukianguka nitagombana na nani humu ndani? Mwanga ukahama ukutani, ukashuka mlangoni. Mguu ulikufa ganzi, sikuuondoa.

Simu ikaita.

"Dada, nimetua. Huku bado mchana kabisa."

Nilitaka kumgombeza. Nikalia.

Mama akaamka, akauona mguu wangu kwenye kanyagio. Akalivuta pazia kwenye mwanga, akapitisha kidole: mstari mrefu wa matundu matupu. Uzi ulikuwa umeisha zamani, mimi nimeshona hewa.

"Sikuangalia uzi, Mama."

"Haidhuru," akasema, akinyoosha mkono apewe simu. "Umemfikisha."