Ufa wa Darasa la Tatu

Kama wivu ungekuwa homa, msusi angelazwa siku ile ile Mama Pacha alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

Maana ufa ulikuwa wake, msusi. Tetemeko la alfajiri lilipopita, na watu wakaucheka woga wao wakarudi kulala, ni yeye aliyempeleka binti yake shule akauona. Ulianzia kwenye kona ya dirisha la darasa la tatu, ukashuka kwa mshazari hadi nyuma ya dawati la mtoto wake, na kidole kiliingia. Ni yeye aliyeusimulia saluni, kichwa baada ya kichwa. Mtu akishakushika nywele huna pa kukimbilia, utasikiliza tu. Hivyo ndivyo wazazi walivyoamshwa waidai serikali kuta imara, kwa kitana cha msusi.

Kisha akahamia mtaani huyo Mama Pacha na mapacha wake, mrefu, sauti kama ya redio. Kikao chake cha kwanza alisimama akasema yale yale ya msusi, ila kwa mpangilio, na watu wakapiga makofi kana kwamba ufa umezaliwa siku hiyo. Kikao cha pili wakampa uenyekiti. Msusi akapewa kazi ya kupanga viti.

"Kutangulia si kufika, shoga," mteja mmoja alimtania. Msusi alimvuta nywele hadi machozi yakamlengalenga.

Hata nyumbani hakupumua. "Mama Pacha ametufundisha," binti yake alisema wakila, "ardhi ikitikisika unaingia chini ya dawati, unashika mguu wake kwa nguvu."

"Kwani mimi sikukufundisha?"

"Wewe ulisema tukimbie."

Mumewe, fundi rangi, aliinamia sahani yake asionekane akicheka.

Kikao cha tatu Mama Pacha alitangaza kwamba mhandisi wa ofisi ya majengo angekuja Jumatatu. Fungu la fedha la mwaka huu lingetosha shule chache tu, na mhandisi huyo ndiye angeamua ni kuta zipi zianze kuimarishwa. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Msusi alichukua mkoba wake, akasema ana mteja, akatoka. Mteja hakuwepo. Roho ilikuwa inamuuma, basi. Kwa hiyo hakuyasikia maneno ya mwisho ya mwenyekiti: jamani, lile darasa tuliache lilivyo, mtu asiguse kitu.

Wazo lilimjia akiwa njiani. Mgeni mkubwa anakuja, na shule imejaa vumbi na michoro ya mkaa! Huyo mwenyekiti wa maneno hakuliona hilo? Waache waseme, yeye atatenda, na mwenye macho ataona. Jumamosi aliwachukua wateja wake wawili, ambao habari za vikao walizipata kwake tu, pamoja na mumewe na ndoo zake za rangi. Wanawake walisugua madirisha na veranda. Mume aliachiwa darasa la tatu.

Sasa, fundi rangi anayejiheshimu hapaki juu ya ufa. Atachekwa. Alikoroga lipu, akaushindilia ule ufa, akausawazisha kwa mwiko, akapaka mkono wa kwanza na wa pili. Jioni msusi alipoingia, ukuta ulikuwa laini kama shavu la mtoto.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mumewe alisema kwa majivuno, akipangusa mikono.

Mtu mwingine angeshtuka hapo. Msusi alikuwa anawaza sura ya Mama Pacha, akacheka.

Jumatatu mhandisi alikuja na nyundo ndogo mkononi. Mama Pacha alimwongoza hadi darasani, wazazi nyuma yao. Watoto walisimama wakaamkia. Mama Pacha akanyoosha mkono kuonyesha, na mkono ukabaki hewani. Msusi aliionja ile raha. Ilikuwa tamu, tusidanganyane.

"Naona mmejitahidi," mhandisi alisema.

"Shukrani zimwendee mzazi huyu," mwalimu mkuu akadakia, akimshika msusi bega. Hata yeye alikuwa amenogewa na usafi. "Ameng'arisha shule nzima. Tumpigie makofi!"

Wakapiga, na watoto wakapiga kwa nguvu zaidi. Hayo ndiyo makofi aliyoyalilia muda wote huo.

"Kuna ufa hapa ndani," Mama Pacha alisema, sauti imekauka. Alitoa simu, akaonyesha picha.

"Mama, kuta za shule zote zinafanana. Mimi naandika ninachokiona. Uko wapi?"

Mama Pacha aligonga hapa, akagonga pale. Hakujua. Alikuwa ameusemea ufa vizuri kuliko wote, lakini hakuwahi kuupitishia kidole.

"Kuna shule kuta zake zina nyufa wazi, mwanga unapita ndani," mhandisi alisema kwa upole. "Hii itasubiri." Akageukia mlango.

Msusi alimwangalia binti yake. Mtoto alikuwa ameketi tena, mgongo wake umegusa ukuta ule mweupe, bado anatabasamu kwa ajili ya makofi ya mama yake. Raha yote ikamtoka. Alielewa alichokifanya.

"Njoo huku, mwanangu. Toka hapo."

Alichomoa kwenye nywele zake kitana cha mkia wa chuma. Akaweka ncha kwenye kona ya dirisha, akavuta kuteremka kwa mshazari, kama anavyogawa nywele za kichwa kabla ya kusuka. Chini ya rangi lipu ilikuwa bado mbichi. Ilimeguka vipande vipande, ikamwagikia dawati, na mstari mweusi ukafunguka hadi chini. Mumewe, mlangoni, alifumba macho.

Mhandisi alirudi. Aliingiza kidole, kisha rula, na rula ikazama. Alitoka nje kuuangalia ukuta kwa upande wa pili, na aliporudi uso ulikuwa umebadilika.

"Watoto watoke. Sasa hivi. Darasa hili lisitumike tena mpaka lijengwe upya, nami naliandika la kwanza." Watoto walipokuwa wakitoka aliigusa lipu mbichi kwa kidole. "Nani aliyeufunika ufa huu?"

Wazazi walitazama viatu vyao.

"Sisi," alisema Mama Pacha. "Kamati. Tulitaka kukupokea vizuri, tukakosea."

Alisema bila kumwangalia mtu, akamsogelea msusi na kumpangusa vumbi begani. Msusi alihisi wivu ukimpanda upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Kumbe mwanamke huyu ana hata moyo mzuri! Amechukua ufa, amechukua makofi, amemchukua hadi mtoto, na sasa anataka kubeba na kosa lake.

"Kamati haikuwepo," msusi alisema kwa sauti, kitana bado mkononi. "Ni mimi. Peke yangu."