Mkono wa Muuza Nyama

"Shikilia tu hivyo, Baba. Usiisogeze."

Sikuwa nimeisogeza. Simu ya Shamima ililala kwenye kiganja changu cha kulia, na mstari wa kijani kwenye kioo ulipanda na kushuka kama maji yanayotokota.

Binti yangu alikuwa ametengeneza programu ya kupima mteremko wa shamba, wakulima wa kahawa kule Githongo wajue pa kuchimba matuta. Unashika simu, sensa iliyo ndani inahisi ilivyoinama, basi. Kesho yake angewaonyesha. Lakini jioni ile, buchani petu Makutano, namba zilikataa kutulia.

"Kuna mahali nimekosea," alisema, akarudi kwenye kompyuta.

Nikamwacha aamini hivyo. Tangu Ramadhani nilikuwa nikiuficha mkono ule mfukoni, chini ya aproni, nyuma ya mzani. Kazi ya panga nilimwachia mdogo wangu Ismael, nikisingizia mgongo. Muuza nyama ambaye kisu kinamtetemeka mkononi, nani atanunua kwake? Hata mke wangu Halimah nilimwonea haya.

Shamima alifuta, akaandika, akafuta tena, mpaka macho yakamwiva. Uso uliniwaka kumwona akihangaika na kosa lisilo lake.

Hatimaye akaiweka simu juu ya kaunta. Mstari ukanyooka. Akampa Ismael, ukabaki umenyooka. Akanirudishia mimi, polepole, na safari hii hakutazama simu. Alinitazama mimi.

"Ni baridi," nilisema.

"Tangu lini, Baba?"

Kinoti, mteja wetu wa miaka mingi aliyekuwa akingoja matumbo, aligeukia barabarani haraka. Hapo ndipo aibu iliponikaba: kumbe hata yeye alijua.

Shamima alishusha sauti. "Naweza kuiambia programu ipuuze mitetemo midogo. Mstari utanyooka hata kwako. Hakuna atakayeona."

Nilitamani sana kukubali.

"Ya wakulima inyooshe," nikasema. "Hii grafu yangu usiifute. Tutaenda nayo kwa daktari."

Wiki iliyofuata daktari aliitazama grafu ile kwa muda, kisha akaniambia, "Mzee, hebu niwekee mkono hapa mezani."

Nikauweka. Ulitetemeka, Shamima akiuona, nami nikauacha.