Pula ya Mwinjuma

Na itangazwe kwa wananchi wote wa Korogwe na Handeni, waliopo na waliosafiri, kwamba asubuhi hiyo ujumbe mzito wa kiufundi uliwasili katika duka la vipuri la Ritha kukagua zana. Ujumbe wenyewe ulikuwa mtu mmoja, Jacob, fundi wa gereji anayeishi kambi ya mkonge ya Ngombezi, aliyevaa kandambili za rangi tofauti. Na alikuwa mwizi.

Alichoiba ni pula, kile chuma cha miguu mitatu kinachoing'ang'ania gia na kuivuta itoke kwenye shafti bila kupigwa nyundo. Mwenye pula, Mwinjuma, alikuwa kaburini.

Wawili hao walifanya kazi gereji moja pale Korogwe tangu ujana. Jacob ni Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge. Mwinjuma alikuwa Mzigua wa Kwaluguru. Kwa hiyo walikuwa watani, na walitukanana kuanzia chai ya asubuhi mpaka kufunga mlango. Sasa, mtani ana kazi yake msibani. Anatakiwa amkejeli marehemu mbele za watu, aige mwendo wake, akwapue kitu chake na kukimbia nacho, waombolezaji wacheke huku machozi yanawatoka. Kwaluguru nzima ilimsubiri Jacob. Jacob akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akazunguka nyuma ya nyumba, akaitia pula ya rafiki yake kwenye mfuko wa sandarusi, akaondoka amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Kuchukua kwa kelele ni utani. Kuchukua kimyakimya ni wizi, na hilo hata watoto wa Kwaluguru wanalijua.

Kisha Mwaija, mjane, akapiga simu. "Shemeji, mashine ya kusaga mwenzio aliiacha imefunguliwa, gia imegoma kutoka. Pula yake haionekani. Na mashine isiposaga, hapa hatuli."

Kuirudisha lilikuwa jambo rahisi, ila Jacob hakuliweza. Mpini wa pula ile ulikuwa umelika kwa kiganja cha Mwinjuma. Akaamua anunue nyingine, nzuri kama ile au kuizidi, aseme ameiokota chini ya benchi. Mpango wa kitaalamu kabisa.

"Shikamoo, mzee," alisema Ritha, akimwekea mezani pula nyekundu. "Hii mpya. Ona inavyong'aa."

"Marahaba. Hata bwana harusi anang'aa, mwanangu." Jacob akaigonga kwa spana. Ikalia *dhu*, kama mtu aliyepigwa mgongoni. Akakwangua rangi kwa ukucha, ukaonekana mshono. "Chuma cha kumimina hiki. Ukikaza, mguu unakatika, unakurukia usoni."

Yeye mwenyewe alikuwa akisema chuma ni chuma. Haya mengine yote yalikuwa maneno ya Mwinjuma, ambayo Jacob aliyabishia miaka yote.

Ya pili ililia vizuri, lakini skrubu yake ya katikati ilicheza, na ndoano za miguu yake zilikuwa nene, zisingepenya nyuma ya gia.

"Mzigua, unaionaje?" akauliza kwa sauti.

Ritha akageuka kutazama mlangoni. "Unaongea na nani, mzee?"

"Na mtu mbishi."

Ya tatu ilikuwa nyeusi, yenye sura mbaya, imejaa mafuta. Akaigonga, ikalia kama kengele. Skrubu ikazunguka kwa vidole viwili bila kuyumba, na ndoano zote tatu zikafika sawasawa. Jacob akainua kichwa apate wa kubishana naye. Alikuwepo Ritha tu, akashuka kwenye kiti kumletea maji.

Akailipia, na kabla ya kufika Kwaluguru akaipaka vumbi na grisi izeeke. Akaifunga kwenye gia ya mashine, akakaza kidogo, akangoja, akakaza tena. Gia ikalia, kisha ikatoka taratibu kama jino la mtoto.

Mwaija alikuwa amesimama nyuma yake, kanga begani. "Umeipata wapi?"

"Chini ya benchi, shemeji."

"Benchi ninalofagia kila siku?"

"Ilikuwa... kwa ndani kidogo."

"Jacob." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Nilikuona siku ile, mfuko wa sandarusi umetutumka. Nikasema haya, ngoja, sasa hivi atapiga kelele. Nimekungoja mpaka leo."

Jacob akafuta mikono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka.

"Niliichukua mimi," akasema. "Iko Ngombezi, chini ya kitanda. Nilitaka kumtukana, shemeji, Mungu anaona. Lakini hakuna tusi ambalo hakuwahi kunijibu. Nikaona nikitoa moja pale likakosa jibu, basi ndiyo amekufa kweli."